Mswada Uliokataliwa Si Takataka

“Kitabu ambacho hakijachapishwa si kitabu. Ile ilikuwa kazi ya darasa tu.”

Maneno haya tuliambiwa muhula uliopita na mtu tunayemheshimu, tukiwa tumesimama mlangoni pa stoo iliyokuwa imesafishwa siku mbili kabla. Tulikuwa wanafunzi wanne, tumekwenda kuulizia vijitabu vyetu vya picha. Vilikuwa 11. Kila kimoja kilitungwa, kikachorwa na kushonwa kwa uzi na kundi moja la darasa letu la Fasihi ya Watoto, kwa ajili ya watoto wa darasa la tatu hapa Uganda ambao ndiyo kwanza wanaanza Kiswahili. Tulikuta stoo tupu, inanuka dawa ya mchwa. Vijitabu vilikuwa vimechomwa pamoja na karatasi za mitihani ya zamani.

Chuo sikitaji, wala mtu simtaji. Aliyesafisha stoo alitimiza wajibu wake, na mchwa ni adui wa kweli. Ugomvi wangu ni na sentensi ile. Nimeisikia tena kwa wenzangu wa mwaka wa tatu, nikaisikia kwa mwalimu wa shule ya msingi, na nakiri kwamba kabla ya siku hiyo hata mimi ningeitamka bila kufikiri. Nasema ni sentensi ya uongo, na kwamba gharama yake inatuangukia zaidi sisi tunaosoma Kiswahili mbali na pwani.

Nianze na kilichoungua. Kundi letu lilitunga hadithi ya msichana anayechota maji bondeni na kupanda kilima akiwa na jerikeni lenye tundu dogo. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Jambo la pekee lilikuwa uamuzi wa mchoraji wetu, mwenzetu kutoka Kasese, kwamba maneno yasilitaje tundu hata mara moja. Katika kila ukurasa mstari wa maji ndani ya jerikeni la njano unashuka kidogo, na maneno yanaendelea kumsifu msichana kwa mwendo wake mzuri. Mtoto anayesomewa anaona jambo ambalo msimulizi halioni. Tulipowasomea watoto wa shule ya jirani, kufikia ukurasa wa saba walikuwa wamesimama wanapiga kelele, “Maji! Maji!” Baadhi yao huenda hawakuwa na neno lingine la Kiswahili siku ile, lakini hilo walikuwa nalo.

Haikutoka hivyo mara ya kwanza. Rasimu ya kwanza ilitaja tundu katika sentensi ya pili, na watoto wakatusikiliza kwa adabu, jambo ambalo kwa mwandishi wa watoto ni adhabu. Rasimu ya pili ikalipeleka tundu mwisho wa hadithi. Ya tatu ikalifuta. Zote tatu tulizibana pamoja na kijitabu. Tena ndani ya rasimu hizo kulikuwa na vita vya neno moja. Sisi tuliandika “jerikeni”, kwa kuwa hilo ndilo neno la kila nyumba nchini kwetu. Kalamu nyekundu ikalikata na kuandika “dumu”. Tukalirudisha “jerikeni” kwa penseli, tukaeleza pembeni kwamba watoto hawalijui dumu. Kalamu nyekundu ikajibu, pembeni vilevile: “Watajifunza.” Mwishowe kijitabu kilitoka na “dumu” katika maneno, na mchoraji, kwa ukaidi wake, akaandika “jerikeni” kwa herufi ndogo ubavuni mwa chombo chenyewe kwenye picha.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo yamo magazetini, na mtafiti wa mwaka 2060 atayapata bila taabu. Lakini jinsi neno la pwani lilivyogombana na neno la bara juu ya kichwa cha mtoto wa miaka tisa haikuandikwa gazetini. Iliandikwa pembeni mwa ukurasa, kwa penseli na kwa wino mwekundu, na ilikuwa stoo.

Sasa tuirudie sentensi. Kama kitabu ambacho hakijachapishwa si kitabu, basi walimu wetu watuambie Muyaka bin Haji alikuwa nani. Alifariki Mombasa mwaka 1840 bila ubeti wake hata mmoja kupigwa chapa. Mashairi yake yalibaki vinywani na vichwani mwa watu, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. Hata hapo diwani haikutoka. Ilitoka mwaka 1940, kwa uhariri wa William Hichens, miaka 100 baada ya mshairi kuzikwa. Kwa miaka hiyo yote Muyaka, kwa kipimo cha mlangoni pa stoo, alikuwa kazi ya darasa tu. Na tendi za kale tunazojivunia katika kila mhadhara zilitufikia katika miswada ya mkono, kwa hati za Kiarabu, kwa sababu palikuwa na watu waliokataa kuitupa.

Najua nitajibiwa nini. Muyaka ni Muyaka, na ninyi ni wanafunzi wa mwaka wa pili mliochora jerikeni. Ni kweli. Lakini Mwalimu Sikujua hakungoja mtihani wa taifa umwambie kwamba Muyaka ataingia kwenye mtaala. Aliandika kwanza. Sisi tunataka kufanya kinyume: tuhukumu kwanza, tuchome, halafu waje watu wa baadaye wakubaliane nasi kwamba hapakuwa na kitu. Watakubali, bila shaka. Watakuwa hawana la kupinga nalo.

Kwingineko jambo hili lilieleweka kitambo, na lilieleweka hasa kuhusu vitabu vya watoto. Mwaka 1966, katika mji wa Hattiesburg, jimbo la Mississippi nchini Marekani, mama mmoja aitwaye Lena de Grummond alikuwa akifundisha ukutubi katika Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, baada ya kuhudumia kwa muda mrefu maktaba za shule katika jimbo jirani la Louisiana. Alitaka wanafunzi wake waione fasihi ya watoto inavyotengenezwa, wasiishie kwenye vitabu vya kiada. Alichofanya ni kuandika barua. Aliwaandikia waandishi na wachoraji akiwaomba wampelekee rasimu, michoro ya penseli na vijitabu vya majaribio. Yaani zile karatasi ambazo mtu huzisukuma chini ya meza kitabu kikishatoka, au kikishakataliwa. Wakampelekea. Leo hifadhi yenye jina lake ina kazi za waandishi na wachoraji zaidi ya 1,000. Kabla yake daktari mmoja, Irvin Kerlan, alikuwa amefanya jambo linalofanana na hilo, na mkusanyo wake ukaenda Chuo Kikuu cha Minnesota, alikosomea.

Nawataja wawili hawa makusudi. Tukizungumza juu ya hifadhi, wenzangu huwaza mara moja jengo, kiyoyozi na wafadhili kutoka nje. Hawa walikuwa mwalimu na daktari. Na kumbukeni mama yule alikusanya kwa ajili ya nani: wanafunzi, watu kama sisi.

Miongoni mwa waliompelekea karatasi zao ni Hans na Margret Rey, mume na mke, Wayahudi waliozaliwa Hamburg, waliomtunga yule tumbili mdadisi aitwaye George. Juni 1940, majeshi ya Hitler yakiwa karibu kuingia Paris, wawili hawa walitoroka mjini kwa baiskeli ambazo Hans aliziunga mwenyewe kwa vipuri. Mizigo ilikuwa michache, na ndani yake kulikuwa na miswada ya vitabu vya picha. Mmoja ulikuwa wa tumbili. Huo ulichapishwa Marekani mwaka 1941, na kitabu chake kikaenea duniani. Mwingine ulikuwa wa pengwini anayesimulia hadithi redioni, akaishiwa hadithi, akafunga safari kwenda kuzitafuta. Huo ulikaa. Hans alifariki mwaka 1977, Margret mwaka 1996, na pengwini alikuwa bado yuko kwenye karatasi. Kitabu chake kilitoka mwaka 2000, kutokana na mswada uliokuwa umetunzwa Hattiesburg.

Nimezifikiria sana baiskeli zile. Mtu anayekimbia kuokoa roho yake hana nafasi ya kubeba mambo ya upuuzi. Kitabu kilichopigwa chapa kina nakala nyingine mahali fulani, kwa jirani, dukani, maktabani, na kikipotea kitapatikana. Mswada uko mmoja. Ukifuata akili hiyo ya kawaida kabisa, sentensi ya mlangoni inageuka chini juu: ambacho hakijachapishwa ndicho kinachohitaji kutunzwa kwanza. Sisi tulichoma vile visivyo na nakala, na vitabu vya kiada, ambavyo viko 40 vya aina moja katika kabati la chuma, tukavifungia kwa kufuli.

Lakini hapa nataka nijitenge na wenzangu fulani ambao wataniunga mkono kwa sababu nisiyoipenda. Watasema: naam, tutunze miswada, maana siku moja itachapishwa. Sisemi hivyo. Ukisema hivyo umekwisha kukubali kwamba thamani yote iko kwenye uchapishaji, na unaomba tu tuvute subira.

Chukueni mfano wa Beatrix Potter wa Uingereza. Mapema mwaka 2016 wachapishaji walitangaza kwamba hadithi yake isiyojulikana “imegunduliwa”. Ni ya paka mweusi anayejifanya mpole nyumbani, kisha usiku anavaa koti na buti na kwenda kuwinda. Potter aliiandika mwaka 1914, akachora picha moja tu ya rangi, kisha vita, maradhi na mambo ya nyumbani vikamvuta kando. Ilipotimia miaka 150 tangu azaliwe, kitabu kikatoka na picha za Quentin Blake. Magazeti yakashangilia ugunduzi. Ugunduzi gani? Karatasi zilikuwa London, katika makumbusho ya Victoria and Albert, ndani ya mkusanyo alioutoa Leslie Linder, mhandisi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta kila kipande kilichoandikwa na Potter. Linder alikufa mwaka 1973, na miaka miwili kabla alikuwa ameshaitaja hadithi hiyo katika kitabu chake. Mhariri aliyeifikia aliiona imetajwa katika kitabu cha zamani, akaenda kuomba aonyeshwe karatasi. Alifanya vizuri, lakini hiyo ni kazi ya msomaji mwenye bidii. Mtu wa kushukuriwa ni aliyetunza, na jina lake kwenye shangwe zile lilitajwa kwa sauti ndogo.

Na ndani ya karatasi hizo kulikuwa na nini? Rasimu mbili za mkono katika daftari za shule, nakala nyingine ya maandishi ya mashine, kijitabu cha majaribio ambacho maandishi yake yamebandikwa kwenye baadhi ya kurasa, picha ile moja ya paka, na mchoro wa penseli wa mbweha. Kitabu cha 2016 kinapendeza, na Blake ni fundi. Mtoto atatosheka nacho. Mwanafunzi hatatosheka, kwa sababu swali lake haliko pale. Swali lake ni hili: mwandishi aliyekwisha kuwa na jina, ambaye wachapishaji walikuwa wanamngoja, alibandika wapi akaacha wapi? Hilo linasomeka katika kijitabu cha majaribio peke yake. Kikipotea hicho, kitabu kizuri cha dukani hakiwezi kukirudisha.

Kitabu cha picha kina ufundi wake usioonekana. Kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Mwandishi hapangi sentensi tu. Anapanga kitakachoonekana mtoto akifunua ukurasa, na kitakachofichwa hadi afunue. Katika kitabu kilichochapishwa unaona mpango ulioshinda. Ile mingine minne iliyoshindwa, ambayo ndiyo ingekufundisha kwa nini huu ulishinda, iko kwenye rasimu.

Sisi lakini hatufundishwi hivyo. Mtihani unasema “Jadili dhamira tano”, nasi tunajadili: elimu, malezi, umoja, bidii, na ya tano tunaibuni. Nimeandika majibu ya namna hiyo na nikapata alama nzuri. Alama zile hazikunisaidia chochote siku tulipokaa chini ya mwembe tukibishana kama tundu litajwe au lisitajwe. Tulibishana saa tatu. Nilijifunza uandishi wa watoto katika saa hizo tatu, na ushahidi wake wote ulikuwa kwenye rasimu zilizochomwa.

Kuna pingamizi moja ambalo sitalipuuza. Mwenzangu mmoja aliniambia waziwazi kwamba alifurahi moto ulipowashwa. “Mbuzi wangu alifanana na mbwa,” alisema, “nani anataka wajukuu wamwone?” Ana haki. Mwandishi anaweza kutaka kuficha alichoshindwa, na wapo watu wazima wenye majina waliochoma karatasi zao kwa mikono yao. Basi aulizwe. Anayetaka arudishiwe, arudishiwe. Anayetaka bahasha yake isifunguliwe kwa miaka 20, iandikwe hivyo juu yake na isifunguliwe. Lakini mbuzi yule hakuchomwa ili kumsitiri mwenyewe. Alichomwa kwa sababu hakuna aliyejua kwamba yumo.

Lile la fedha halinichukui muda mrefu. Kila mtu aliyesoma shule ya bweni nchini kwetu alikwenda na sanduku la bati, lenye kufuli, lililobebwa juu ya basi au nyuma ya boda boda. Masanduku hayo sasa yako vijijini yanahifadhi mahindi. Sanduku moja juu ya matofali manne, majani makavu ya mwarobaini ndani, daftari la kuandikia kilichomo: mchwa hapandi huko kirahisi. Wapo wanaoniambia tupige picha kwa simu yatosha. Tupige, hakuna ubaya. Simu yangu ya kwanza ilianguka chooni, ya pili iliibwa katika teksi.

Ninachowaomba walimu wetu ni kigumu kuliko fedha. Nawaomba wakubali kwamba kalamu yao nyekundu nayo itunzwe. Nashuku kwamba hapo ndipo penye uzito. Rasimu ikibaki, linabaki “dumu” na linabaki “Watajifunza”, na siku moja mtu atauliza nani aliandika. Mwalimu wangu, ulikuwa na hoja. Mtoto wa Kabale akija kusoma kitabu kilichotungwa Tanga atalihitaji dumu, na vingi vya vitabu vya watoto vinavyotufikia vimetungwa Kenya na Tanzania. Huko nako havikudondoka kutoka mbinguni. Mradi wa Vitabu vya Watoto wa Tanzania, ulioanza mwaka 1991, uliwafunza waandishi na wachoraji, na mafunzo hayo ni rasimu juu ya rasimu. Sisi tulikuwa na hoja pia. Mtoto haanzi kupenda kitabu kwa neno ambalo mama yake hajawahi kulitamka. Mimi bado naona tulikuwa sahihi, nawe huenda bado unaona vivyo hivyo kwa upande wako. Ni mjadala mzuri kuliko mingi tuliyofanya ukumbini, na tungeweza kuwaachia wanafunzi wa mwaka kesho wauendeleze wakiwa na karatasi mkononi.

Basi pendekezo langu kwa idara, na kwa chama chetu cha wanafunzi, ni dogo. Alama zikishaandikwa, kijitabu na rasimu zake zote, pamoja na masahihisho, viingie sandukuni, isipokuwa mwenyewe akikataa. Visichaguliwe vizuri na vibaya. Kinachokaa humo kisiwe na sharti la kuchapishwa.

Sanduku limekwisha kupatikana. Ni langu la kidato cha kwanza, jina langu limeandikwa juu kwa rangi nyeupe na pembe moja imeingia kutu. Hadi ninapoandika haya lina vijitabu vitatu. Viwili ni vya wenzetu waliokuwa wamebaki na nakala za mchoro wa kwanza. Cha tatu ni chetu, tulichokichora upya kwa kumbukumbu, rasimu zote tatu. Mstari wa maji unashuka kama mwanzo. Ila hatujaafikiana kama “Watajifunza” iliandikwa ukurasa wa nne au wa sita, na mchoraji anasema kulikuwa na neno lingine baada yake, lililofutwa, ambalo sisi wengine hatulikumbuki kabisa.